"Tunajikaza" haiponyeshi: afya ya wanaume katika kazi ya mugodi

Wandugu wafanyakazi wa Kolwezi, Likasi, Kambove, Fungurume, Kipushi na Lubumbashi, na nyinyi wamama wetu mnaotungojea nyumbani, leo tunataka kuongea jambo ambalo sisi wanaume tunalikimbia. Mshahara tunauongea. Primu tunaiongea. Kontra, bisi inayochelewa, chakula cha kantini, vyote tunaviongea mpaka sauti inakauka. Lakini mwili wetu wenyewe hatuuongei. Ukimuuliza mtu "Kamaradi, habari ya mwili?", jibu ni moja toka siku ya kwanza mpaka siku ya yenga: "Tunajikaza."

Kujikaza si kitu kibaya. Bila kujikaza hakuna mtu angeshuka chini ya udongo ama kuendesha kamyo kubwa saa kumi na mbili za usiku. Wazee wetu walijikaza, njo maana tulisoma. Lakini kuna vitu ambavyo kujikaza hakuviwezi. Tansyo haishuki juu umejikaza. Vumbi lililoingia mu mapafu halitoki juu wewe ni mwanaume. Sikio lililokufa halifufuki. Vitu hivi vinangojea kimya, na siku vinapoongea, mara nyingi ni muke na watoto njo wanaosikia wa kwanza.

Sisi ni madelege wa sendika. Si waganga. Tunaandika vile tunavyoona ku kazi, vile waganga wametufundisha, na vile sheria ya inchi yetu inavyosema.

Juu ya nini tunaficha

Watu wanasema mwanaume anaficha ugonjwa juu ya kiburi. Kiburi kiko, hatukatai. Lakini mu migodi kuna sababu ingine yenye nguvu zaidi, na jina lake ni "inapti".

Kila mfanyakazi anajua ile siku ya viziti medikali. Unapimwa, unapigwa radio ya kifua, unapuliza mu kile chombo cha pumzi, kisha karatasi inatoka: apti ama inapti. Apti, unarudi ku kazi. Inapti, moyo unaruka. Kwa mtu wa kontra ya miezi sita kwa sutretan, inapti anaisikia sawa vile kufukuzwa. Kamaradi mmoja alituambia wazi: "Kama bananipa inapti, batoto batakula nini? Bora nikufe apti." Tulicheka, lakini hakuwa anacheka.

Na kuna neno lingine tunalolisikia kila mwaka: "Ule dokta iko wa kampani, haiko wangu." Mtu anaona muganga wa kazi sawa vile polisi wa patroni. Kwa hiyo anamficha. Kuna wanaomeza vidonge vya tansyo siku mbili tu mbele ya viziti, ili hesabu ishuke, kisha wanaviacha. Kuna wanaosema hawakohoi kumbe wanakohoa usiku kucha. Kuna anayejifunza kusoma midomo ya muganga, juu hasikii tena vizuri.

Tunamjua dereva mmoja wa kamyo, mtu wa kampuni ndogo ya sutretans, hatutataja jina lake wala la kampuni. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Alijua ana tansyo, muke wake alijua pia. Kila mwaka alikuwa anafanya ile hesabu ya vidonge vya siku mbili, na kila mwaka karatasi ilisema apti. Siku moja, akiwa anavaa bote nyumbani kwa kwenda poste ya usiku, mkono wa kuume ulikataa. Hakufa, Mungu asifiwe. Lakini mkono ule haujarudi mpaka leo, na maneno anayatafuta. Familia ilipokwenda kudai, patroni alifungua faili: apti, apti, apti, miaka yote. Karatasi aliyoitengeneza ili imlinde njo ilimfunga.

Na tuulize pia swali la upande wa pili: kama angesema ukweli, kampuni ingemtoa ku kamyo na kumpa kazi ingine yenye kumfaa, ama ingemtoa ku mlango? Mpaka swali hili lipate jibu zuri, wanaume wataendelea kuficha. Afya ya mwanaume ku kazi haianzi ku dispanseri. Inaanza na uhakika kwamba ukisema "ninaumwa", utabaki na mkate.

Wazee walikuwa na nini, sisi tumebaki na nini

Wenye umri wanakumbuka. Toka Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mu mwaka 1906, mpaka Gécamines iliyokuja nyuma ya mali kurudishwa kwa inchi mu 1967, mfanyakazi alikuwa na nyumba mu kambi, posho ya unga, masomo ya watoto na hospitali. Hatusemi ilikuwa paradiso. Nidhamu ilikuwa kali, na mzee aliyekohoa alikohoa. Lakini faili yake ya ugonjwa ilikuwa mahali pamoja, toka siku ya kwanza ya kazi mpaka siku ya pansheni.

Kisha mambo yalianguka. Mu 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile operesheni ya kuondoka kwa hiari. Kampuni mpya zilikuja, na nyuma ya kila kampuni kubwa kuna sutretan, na nyuma ya sutretan kuna sutretan mwingine. Leo mtu anaweza kufanya kazi ku mugodi ule ule miaka minane, lakini chini ya majina matano ya kampuni. Faili yake ya afya imekatika vipande vitano. Nani atasema vumbi la mapafu yake lilitoka kwa nani?

Njo sababu tunawaambia: mfanyakazi wa leo lazima awe mwenye kuchunga faili yake mwenyewe. Tutarudia neno hili chini.

Vitu vinavyotula pole pole

Ajali tunaziogopa juu zinaonekana. Lakini kuna vitu vinavyokula mtu bila damu kutoka.

Cha kwanza ni vumbi. Si lile vumbi unalolipangusa ku nguo. Baya zaidi ni lile jembamba ambalo jicho halilioni, linalotoka ku kutoboa majiwe, ku konkasere, ku kufagia pakavu. Mu majiwe mengi kuna silisi, na vumbi la silisi likiingia mbali mu mapafu linaacha kovu. Ugonjwa huu unaitwa silikozi. Unaweza kukaa miaka kumi na zaidi mbele ya kujionyesha, na hauna dawa ya kuuponyesha. Tena, mtu mwenye silikozi anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Kwa hiyo ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Kifua kikuu kinapona, na dawa zake ni za bure mu vituo vya programu ya taifa. Ile ya kawaida inamezwa miezi sita bila kuruka hata siku moja.

Kuhusu maski, tuseme ukweli: kitambaa hakizuii vumbi lile jembamba. Inahitajika maski yenye filtre, inayoshika uso vizuri. Ndevu nyingi zinaifanya isishike. Na filtre iliyojaa inabadilishwa, haipigwi-pigwi ku mguu na kurudishwa usoni. Mbele ya maski yenyewe, dawa ya vumbi ni maji: kutoboa na maji, kumwaga maji ku njia, kufunika konkasere. Hiyo ni kazi ya patroni, si ya mfanyakazi.

Hapa tuseme neno juu ya maziwa. Mu kampuni nyingi wanagawa maziwa, na watu wanaamini yanasafisha vumbi. Wandugu, maziwa yanakwenda mu tumbo. Vumbi limekwenda mu mapafu. Hawakutani. Maziwa ni chakula kizuri, chukueni, pelekeeni hata watoto. Lakini patroni asiseme "niliwapa maziwa" pahali pa kuwapa maski.

Cha pili ni kelele. Kipimo chepesi: kama mwenzako yuko karibu, mkono wako ukinyooka unamgusa, na unalazimika kupiga kelele ili akusikie, pahali hapo panaua masikio. Wataalamu wanaweka mpaka ku desibeli 85 kwa saa nane. Sikio likiharibika kwa kelele halirudi. Linaanza kwa kulia "nziiii" usiku, kisha muke anasema unafungua televizyo sana, kisha ku mugodi husikii honi ya kamyo inayorudi nyuma. Hapo ugonjwa wa masikio umekuwa ajali.

Cha tatu ni mtikisiko na kukaa. Dereva wa kamyo na wa ekskavateri anatikiswa saa zote za poste, mugongo unalia. Wengi hawanywi maji juu hakuna pa kukojoa, ama shefu anakasirika kamyo ikisimama. Mkojo unakuwa wa rangi ya chai, kisha majiwe yanaanza mu figo. Kuomba choo karibu na njia ya kamyo si kuomba raha. Ni kuomba afya.

Cha ine ni asidi na moshi mu fabriki. Wanaofanya ku asidi sulfiriki wanajua inavyochoma. Ikikurukia, maji mengi ya kutiririka, kwa muda mrefu, mara moja, na nguo inatoka. Usitafute kwanza pomadi. Dushi ya haraka iwe karibu, na iwe na maji kweli. Tumeona pahali ambapo dushi ilikuwa imepakwa rangi nzuri ya kijani, lakini bomba halikuwa na tone.

Cha tano ni usiku. Poste ya usiku inageuza mwili. Mtu analala muchana mu nyumba ya bati, watoto wanacheza, jirani anatwanga. Analala saa tatu, anarudi ku kazi. Ili asisinzie anakunywa vinywaji vya nguvu viwili, vitatu, ama kisashe cha pombe. Kwa mtu mwenye tansyo, hiyo ni kuongeza moto mu moto. Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku ndiyo mpaka wa kawaida. Kinachopita hapo ni saa za ziada, zina bei yake na zina mipaka yake. Usingizi ni chombo cha ulinzi sawa vile kaske.

Tansyo, sukari na mambo ya aibu

Tansyo haina kelele. Unaweza kuwa nayo miaka mitano na kucheza mpira. Ikipimwa mara kadhaa na kubaki 14 juu ya 9 ama zaidi, uko nayo, hata kama husikii kitu. Chumvi nyingi, pombe, tumbaku, unene na wasiwasi vinaisukuma. Dawa zake ni za kila siku, si za siku ya viziti.

Na tuseme neno ambalo wanaume wanaliongea chini ya mti tu. Vidonge vingine vya tansyo vinaweza kupunguza nguvu za kiume. Kwa hiyo mtu anaviacha kimya-kimya, hamwambii muke, hamwambii muganga. Kamaradi, mwambie muganga. Dawa za tansyo ni za aina nyingi, anaweza kukubadilishia. Na ujue kitu kingine: tansyo yenyewe na sukari, vikiachwa bila dawa, navyo vinaua nguvu hizo. Kuacha dawa si kujiokoa.

Wenye kupita miaka hamsini, kama mkojo unatoka kwa shida, ama unaamka mara nne usiku, nenda kwa muganga aangalie prostati. Mara nyingi ni kuvimba kwa kawaida kwa umri, lakini inaweza kuwa kansa, na kansa ikikamatwa mapema inatibika vizuri zaidi. Si urogi, si wivu wa jirani.

Kuhusu virusi vya UKIMWI: sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda mtu anayeishi na virusi hivyo. Hakuna patroni mwenye haki ya kukulazimisha kipimo hicho ili akupe kazi, wala kukufukuza juu yake.

Kichwa nacho ni sehemu ya mwili

Kuna ugonjwa usioonekana ku radio. Mtu analala kambini wiki tatu mbali na nyumba. Ku simu anasikia minervali ya mtoto wa sekondari, mvua imebomoa ukuta, mama ya mtoto analia. Mshahara umekatwa mbele ya kufika juu alikopa kwa "banque Lambert", yule mtu wa mtaa anayekukopesha dola mia na kudai mia na hamsini mwisho wa mwezi. Mwezi unaofuata anakopa kulipa deni la kwanza. Mtu huyu anashika volani ya kamyo, macho yako ku njia, akili iko ku deni.

Wengine wanatafuta dawa mu chupa. Tunaijua bia, tunaijua lutuku. Hatusemi mtu asikunywe. Sisi si mapasteri. Tunasema hivi: kama unakunywa ili ulale, ama unakunywa asubuhi ili mkono usitetemeke, hiyo si furaha tena, ni ugonjwa, na unahitaji msaada sawa vile maleria. Patroni anayejua tu kupima pumzi ku mlango na kufukuza, bila kumpeleka mtu kutunzwa, hajamaliza tatizo. Amelirudisha mu familia.

Dalili tunazoziangalia kwa wenzetu ni hizi: mtu aliyekuwa anacheka amenyamaza, anagombana juu ya kitu kidogo, halali, anasema maneno kama "bora niishe tu". Usimcheke. Usimwambie "kuwa mwanaume". Kaa naye, muulize, msikilize, na usimwache peke yake siku ile. Kisha mtafutie delege, muganga, mukubwa wa familia ama mtu wa kanisa anayemwamini. Mara nyingi mwanaume haongei uso kwa uso. Anaongea mkiwa mnatembea, mkiwa mnatengeneza kitu, mkiwa mu bisi. Tumieni nafasi hizo.

Vumbi linalofika nyumbani

Sehemu hii tunawaomba msome na wamama.

Watafiti wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa KU Leuven ya Ubelgiji wamefanya kazi ya miaka juu ya metali mu mwili wa watu wa Katanga. Mu 2018 walitoa matokeo juu ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti mu viwanja vya nyumba: walikuta kobalti nyingi mu mkojo na damu ya wakaaji, zaidi mu watoto. Mu 2020, mu gazeti la kiganga *The Lancet Planetary Health*, walitoa utafiti uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Walilinganisha wazazi wa watoto hao na wazazi wa watoto waliozaliwa vizuri. Kitu kilichojitokeza zaidi ni kazi ya baba: hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya mambo ya migodi.

Soma pole pole: kazi ya baba. Miaka mingi, mtoto akizaliwa na kasoro, macho ya familia yanamgeukia mama. Alikula nini, alipita wapi, nani alimroga. Utafiti ule hausemi kila mchimbaji atapata mtoto mwenye kasoro. Walio wengi wanapata watoto wazima. Wala hausemi njia yote imekwisha kujulikana. Lakini unatosha kuwanyamazisha wanaomhukumu mama, na unatosha kutuambia sisi wababa kwamba afya yetu ku kazi ni afya ya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Kwa hiyo salopeti isiingie nyumbani. Mtoto anaruka kumkumbatia baba mwenye vumbi, mama anafua salopeti mu beseni ile ile ya nguo za mtoto. Tunadai dushi ku kazi, makabati mawili kwa kila mtu, moja la nguo za kazi na moja la nguo safi, na kampuni ifue salopeti yenyewe. Mpaka hapo tutakapopata, badilisha nguo ku kazi, weka salopeti mu mfuko unaofungwa, vua bote nje, nawa mikono na uso mbele ya kushika mtoto ama bukari. Kufua, kwanza lowesha, usikung'ute pakavu, na beseni iwe yake peke yake.

Wandugu wachimbaji wa mikono wa makoperative, maneno haya ni yenu zaidi, juu hamna muganga wa kazi wala dushi. Msirudi na magunia ya majiwe mu chumba cha kulala. Msitwange wala kuchekecha majiwe penye watoto wanacheza. Mwagieni maji. Na mtu asishuke peke yake mu shimo. Maajenti wa SAEMAPE wako kwa kuwasimamia. Waulizeni mambo ya ulinzi, si mambo ya taksi tu.

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mu Julai 2016, iko wazi ku mambo haya. Patroni analazimika kumtunza mfanyakazi mgonjwa pamoja na familia yake. Mtu akiwa mgonjwa na kazi imesimama, kontra haifi. Anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara wake. Kampuni lazima iwe na komite ya ulinzi na usafi wa mahali pa kazi. Kama komite yenu inakutana tu siku wageni wanakuja kupiga picha, tuambieni.

CNSS ina tawi la hatari za kazi, kwa ajali na magonjwa ya kazi. Mchango wa tawi hilo unalipwa na patroni peke yake. Ile asilimia 5 inayokatwa ku mshahara wako ni ya pansheni. Silikozi ikithibitishwa ni ugonjwa wa kazi, si "kifua tu", na ugonjwa wa kazi una haki zake. Lakini lazima utangazwe. Ugonjwa usioandikwa, mbele ya sheria haukuwa.

Muganga wa kazi anafungwa na siri. Kwa patroni anapaswa kusema kama unafaa kazi ile, ama hufai, ama unafaa kwa masharti. Jina la ugonjwa wako si la patroni, si la shefu wa ekipe, si la kantini. Kutoa siri hiyo ni kosa linaloazibiwa na sheria. Ikitokea, njoo kwa delege na tarehe na jina.

Na mu Juni 2022, Shirika la Kazi la Dunia limeweka mazingira salama na yenye afya ku kazi kati ya haki za msingi za mfanyakazi, ku mstari mmoja na haki ya kuunda sendika. Inchi yetu ni memba. Si sadaka tunayoomba.

Tunachodai, na tunachoweza kufanya wenyewe

Kwa mapatroni, wakubwa na masutretan, tunadai hivi. Mtu akipatikana hafai kazi moja, kwanza atafutiwe kazi ingine ndani, mbele ya kuongea kontra kuisha. Matokeo ya viziti apewe mwenyewe, mu karatasi, ayaelewe. Faili ya afya imfuate mtu hata akibadilisha sutretan, na kampuni kubwa isijifiche nyuma ya sutretan. Vumbi na kelele vipimwe, na hesabu zibandikwe pale watu wanapopita. Dushi, makabati na vyoo viwe vya wote, wa kontra ndefu na wa kontra fupi.

Kwetu sisi, tuna mambo manne ya kuanza bila kungoja mtu.

Kwanza, kila mmoja anunue kaye moja ya shule. Andika kila kampuni uliyofanya, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kazi gani, vumbi gani, matokeo ya kila viziti, kila ajali hata ndogo, na majina ya walioona. Weka ndani kopi za kontra na fishi za mshahara. Iwe nyumbani, na muke ajue pahali iko. Siku ya kudai, kaye hiyo itaongea hata kama wewe huwezi kuongea.

Pili, tansyo ipimwe bila woga. Pahali pamoja tuliomba mfirmye akae karibu na mlango siku ya mshahara, nje ya viziti ya kazi, na hesabu aambiwe mtu mwenyewe tu. Ilikuwa siku ya kwanza watu wanakuja kwa kucheka, wanasukumana. Zaidi ya mmoja alirudi kimya na karatasi mu mfuko, na wengine kati yao leo wanakunywa dawa na wanaendelea na kazi. Hakuna aliyefukuzwa. Kitu hiki hakihitaji bajeti kubwa. Kinahitaji mashini moja na mdomo unaofungwa.

Tatu, mu kila ekipe tuchague mtu mmoja wa kuangalia wenzake, si kwa kupeleka ripoti kwa shefu, bali kwa kuuliza mara ya pili. Kamaradi akisema "tunajikaza", muulize tena: "Nimesikia. Lakini ulilala?"

Ine, wamama. Msingoje baba aombe. Mkiona anaamka usiku mara nyingi, anakohoa wiki mbili, hasikii vizuri, hasira imezidi, semeni naye kwa heshima, pembeni ya watoto. Akikataa, tafuteni delege ama ndugu anayemsikiliza. Hamtakuwa mnamdharau. Mtakuwa mnamchunga.

Mwisho wa mwezi unakaribia. Mbele ya kupita ku nganda, pita ku dispanseri. Kupima tansyo kunachukua dakika tano, na bia itakungojea. Kama matokeo si mazuri, usiyafiche mu bote. Yaandike mu kaye, umuonyeshe muke, kisha njoo umtafute delege. Tutakwenda pamoja.